Jibu: Seva ikifa, RMAN itajuaje bekapu ziko wapi?

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, faili za bekapu za hifadhidata yako ya Oracle ziko salama kwenye diski ya mbali, lakini kumbukumbu za RMAN (zana ya Oracle ya kuchukua na kurejesha bekapu), yaani nini kilihifadhiwa lini na wapi, zimo ndani ya faili la udhibiti kwenye seva yenyewe. Ikiungua, zimekwenda nayo.

Kwanza, ndani ya RMAN, endesha SHOW ALL uone mipangilio. Kama CONTROLFILE AUTOBACKUP (bekapu ya kiotomatiki ya faili la udhibiti) iko OFF, iwashe leo hii na uielekeze kwenye diski ile ya mbali. Pia andika DBID (namba ya utambulisho wa hifadhidata) nje ya seva, hata kwenye karatasi. Bila katalogi (hifadhidata ya pembeni inayotunza kumbukumbu za RMAN), mara nyingi RMAN huidai kabla ya kurejesha faili la udhibiti. Ukiisahau, tazama jina la faili la autobackup: ukitumia muundo wa jina %F, namba inayofuata c- ndiyo hiyo.

Kinachowaponyoka wengi ni CONTROL_FILE_RECORD_KEEP_TIME, yaani siku ambazo faili la udhibiti hutunza kumbukumbu kabla ya kuruhusu zifutwe. Kawaida ni siku 7. Ukitunza bekapu siku 30, kumbukumbu za zamani zinaweza kufutwa na mpya wakati faili za bekapu bado zipo. Ipandishe ipite huo muda. Bekapu ambazo kumbukumbu zake zimekwisha kupotea husajiliwa upya kwa amri ya RMAN, CATALOG START WITH.

Katalogi? Kwa hifadhidata moja mimi nisingehangaika nayo. Ukiiweka, ikae seva nyingine na nayo ichukuliwe bekapu.

Halafu jaribu kurejesha kwenye mashine tupu, bila kugusa seva ya sasa. Ukikwama, bandika ujumbe wa kosa hapa.