Saa Hupimwa kwa Saa: Majibu kwa Wapenzi wa Masafa Sahihi

Tangu tulipoandika juu ya osileta za kujiundia nyumbani, yaani saketi zinazotoa mitetemo ya umeme kwa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yasiyobadilika, tumepokea barua nyingi kutoka kwa wasomaji wanaotaka kujua kama vifaa vyao vinasema kweli. Tumechagua tano, na majibu yake hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Swali: Ndugu mwandishi, nimeunda saa ya mezani inayoendeshwa na fuwele ya kwatsi ya hezi 32,768. Kila mwezi inachelewa kwa sekunde 40 hivi. Nimebadilisha fuwele mara tatu bila mafanikio ya maana. Je, nimeuziwa fuwele mbovu?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, fuwele zako yaelekea ni nzima. Mwezi wa siku 30 una sekunde 2,592,000, na ukizigawa sekunde 40 kwa idadi hiyo utapata kosa la sehemu 15 hivi kwa milioni, ilhali fuwele nyingi za aina hiyo huuzwa kwa ahadi ya kutopotoka zaidi ya sehemu 20 kwa milioni. Namba 32,768 ni mbili kwa kipeo cha 15, kwa hiyo saketi ikiigawa kwa mbili mara 15 hubakiwa na pigo moja kwa kila sekunde, na pigo hilo haliwezi kuwa sahihi kuliko fuwele iliyolizaa.

Kabla ya kununua fuwele ya nne, angalia kwanza zile kapasita ndogo zilizo kwenye miguu yake. Fuwele iliyotengenezwa kwa mzigo wa pikofaradi 12.5 (pikofaradi ni kipimo cha uwezo wa kapasita) ikibebeshwa mzigo mkubwa zaidi hupiga polepole, na kwa kuwa saa yako inachelewa, punguza mzigo huo kidogo kidogo huku ukiipa saa siku kadhaa kila unapobadilisha. Usigusishe ncha ya osiloskopu, chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme, kwenye mguu wa fuwele ili kupima, kwani ncha ya kawaida huongeza pikofaradi zipatazo 10, nawe utakuwa unapima kitu ambacho umekwisha kukibadilisha. Pima mbele zaidi, baada ya saketi ya kugawa.

Jambo la pili ni joto. Fuwele hizi zenye umbo la uma hupiga kwa kasi yake ya juu kabisa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi hivi, na hupunguza mwendo kukizidi joto na hata kukizidi baridi, tena kwa mraba wa tofauti: nyuzi 10 kutoka hapo hupoteza sehemu 3.4 kwa milioni, na nyuzi 20 hupoteza 13.6, ambazo ni zaidi ya sekunde moja kwa siku. Ndiyo maana saa ya mkononi, inayopashwa joto na mwili wa mvaaji, mara nyingi huishinda ya ukutani yenye fuwele ya aina ile ile. Kama hutaki kuhangaika na joto, tumia chipu ya DS3231, ambayo hupima joto lake yenyewe na kurekebisha fuwele iliyomo ndani yake, na ambayo mtengenezaji anaahidi haitapotoka zaidi ya sehemu 2 kwa milioni kati ya nyuzi 0 na 40. Hiyo ni dakika moja hivi kwa mwaka.

Swali: Nimepata osileta ya tanuri ya megahezi 10 iliyotolewa kwenye mtambo wa zamani. Nikiiunganisha na kaunta yangu ya masafa, inasoma hezi 10,000,003. Je, nirekebishe osileta au kaunta? Na nitajuaje ipi ina makosa?

Jibu: Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, kwa kuwa kila anayeingia katika kazi hii hufika hapo, na wengi hukosea kwa kugeuza skrubu ya marekebisho mapema mno. Usiguse chochote kwa sasa. Kaunta yako nayo ina fuwele yake ndani, na inachokueleza si masafa ya osileta peke yake bali ni tofauti kati ya osileta na fuwele hiyo. Hezi 3 katika megahezi 10 ni sehemu 0.3 kwa milioni, na fuwele ya kaunta ya kawaida inaweza kupotoka zaidi ya hapo kwa sababu ya mabadiliko ya joto la chumba tu. Osileta ya tanuri, ambayo fuwele yake hutunzwa katika joto lisilobadilika, kwa kawaida kati ya nyuzi 70 na 90, ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa mkweli. Lakini nafasi si ushahidi.

Ukiwa na vyanzo viwili, unajua tofauti yao tu. Ukiwa na vitatu, ukalinganisha kila kimoja na viwili vingine, unaweza kukadiria ni kipi kinachoyumba kuliko wenzake, ingawa bado hujui ni kipi kilicho karibu na hezi kamili. Kwa hilo unahitaji rejea ya nje, na iliyo rahisi kupatikana leo ni kipokezi cha setilaiti za GPS kinachotoa pigo moja kwa kila sekunde. Setilaiti hizo, zilizo kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi, hubeba saa za atomu zinazosimamiwa kutoka chini, na antena yoyote inayoiona anga vizuri hupokea matunda ya kazi hiyo bure.

Sasa fanya hivi. Gawa megahezi 10 za osileta yako kwa milioni 10 ili upate pigo lako mwenyewe la kila sekunde, kisha tumia kaunta kupima muda unaopita kati ya pigo la setilaiti na pigo lako. Hapo kosa la fuwele ya kaunta halina uzito tena: ikiwa muda unaopimwa ni milisekunde moja, sehemu moja kwa milioni ya muda huo ni nanosekunde moja tu. Andika muda huo mara kwa mara kwa siku nzima, au iache kompyuta iandike, halafu chora grafu. Mstari ukilala, masafa yanalingana. Mstari ukipanda au kushuka, mwinamo wake ndio kosa lako: mikrosekunde 86.4 kwa siku ni sehemu moja kwa bilioni, na mikrosekunde 26 ni sehemu 0.3 kwa bilioni.

Usitishike ukiona nukta za grafu zinarukaruka. Kipokezi cha bei ya chini hutoa pigo kwa kufuata hatua za saa yake ya ndani, kwa hiyo pigo huwahi au huchelewa kwa makumi ya nanosekunde. Kwa kipimo cha sekunde moja, kuruka kwa nanosekunde 20 ni sehemu 20 kwa bilioni, na osileta yako ni tulivu kuliko hapo kwa mbali. Kwa kipimo cha siku nzima, nanosekunde zile zile 20 zinagawanywa kwa sekunde 86,400, na kinachobaki ni kidogo kuliko sehemu moja kwa trilioni. Hivyo kwa muda mfupi osileta ndiyo mwalimu wa kipokezi, na kwa muda mrefu kipokezi ndicho mwalimu wa osileta. Mwaka 1966 mwanafizikia David Allan alionyesha namna ya kupima jambo hili kihesabu, na mkengeuko unaobeba jina lake hukueleza utulivu wa chanzo kwa kila urefu wa muda, badala ya kukupa namba moja inayoficha mengi. Wanaounda osileta inayoongozwa na setilaiti hutafuta mahali mistari miwili ya mkengeuko huo inapokatana, mara nyingi baina ya mamia na maelfu ya sekunde, na hapo ndipo huweka kasi ya marekebisho. Ukirekebisha haraka kuliko hapo, unaipa osileta nzuri mtetemo wa kipokezi. Nimewaona watu waliokuwa na tanuri bora wakiliharibu kwa haraka hiyo.

Jambo moja zaidi: iache osileta ikiwaka. Iliyozimwa kwa muda mrefu inaweza kuhitaji siku kadhaa, hata majuma, kabla ya kutulia, na kipimo cha saa ya kwanza hakina thamani.

Swali: Rafiki yangu ananishauri ninunue chanzo cha rubidiamu kilichotumika, akisema ni saa ya atomu na kwa hiyo haihitaji kulinganishwa na chochote. Ni kweli?

Jibu: Sehemu ya kwanza ni kweli, ya pili si kweli. Ndani ya kifaa hicho mna taa ya rubidiamu ambayo mwanga wake hupita kwenye chupa ndogo yenye mvuke wa rubidiamu, na mawimbi ya redio ya masafa yapatayo gigahezi 6.8347 yakiingizwa humo, mwanga unaofika upande wa pili hufifia kidogo sana pale tu masafa yanapolingana na yale ya atomu. Saketi hukufuata kufifia huko na kuivuta osileta ya kwatsi irudi mahali pake kila inapotaka kuondoka.

Ila ndani ya chupa hiyo mna pia gesi nyingine zinazozuia atomu zisigonge kuta, na gesi hizo, pamoja na mwanga wenyewe na joto, husogeza masafa kidogo. Kwa hiyo kila kifaa hutoka kiwandani kikiwa kimelinganishwa na chanzo kingine, na husogea polepole kadiri kinavyozeeka. Hali ni tofauti kwa siziamu, kwa kuwa tangu mwaka 1967 sekunde yenyewe inafafanuliwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya atomu ya siziamu 133. Chombo cha siziamu kilichoundwa vyema kinatekeleza ufafanuzi huo, wakati rubidiamu inaukumbuka tu.

Ushauri wangu ni kwamba uanze na osileta ya tanuri na kipokezi, ujifunze kulinganisha, kisha ndipo ufikirie rubidiamu, ambayo faida yake kubwa ni kushikilia masafa kwa siku nyingi setilaiti zisipopatikana. Ukinunua kilichotumika, uliza hali ya taa, maana taa huchoka, na kifunge kwenye bamba nene la alumini kwa sababu kinatoa joto jingi. Mimi nilikiacha changu cha kwanza juu ya meza bila bamba, nikatumia majuma mawili kutafuta kosa ambalo halikuwa la elektroniki bali la joto.

Swali: Nimeunganisha kipokezi cha GPS na kompyuta kwa kebo ya USB, lakini saa ya kompyuta bado inayumba kwa karibu milisekunde moja. Tena wakati wa GPS umeutangulia ule wa dunia kwa sekunde 18. Kwa nini?

Jibu: Kwa sababu njia hiyo haipeleki pigo mara linapotokea. Katika USB ya kasi ya kawaida kompyuta hukiuliza kifaa kila milisekunde moja kama kina neno, na pigo husubiri zamu yake. Peleka waya wa pigo moja kwa moja kwenye mguu wa kompyuta ndogo inayoweza kulitambua papo hapo, na mayumbo yatashuka hadi mikrosekunde chache. Zile sekunde 18 ulizozitaja katika barua yako si kosa: wakati wa GPS ulianza kuhesabiwa tarehe 6 Januari 1980 na hauongezewi sekunde za ziada, ilhali wakati wa dunia, UTC, umeongezewa 18 tangu hapo, ya mwisho ikiwa mwishoni mwa mwaka 2016.

Swali: Nimesoma kwamba saa iliyo mlimani huenda haraka kuliko iliyo bondeni. Je, mpenda saa wa kawaida anaweza kulishuhudia jambo hilo kwa vifaa vyake?

Jibu: Limekwisha kushuhudiwa. Mwaka 2005, nchini Marekani, mpenda saa mmoja alipakia saa tatu za siziamu ndani ya gari la familia, akapanda nazo kwenye Mlima Rainier, zaidi ya mita 1,300 juu ya nyumba yake, na kukaa huko na watoto wake kwa muda wa saa zipatazo 40. Aliporudi na kuzilinganisha na zilizobaki nyumbani, zilikuwa zimetangulia kwa takriban nanosekunde 22, kama nadharia ya Einstein inavyotaka. Hesabu yake waweza kuifanya mwenyewe: karibu na uso wa dunia kila mita ya kupanda huharakisha saa kwa sehemu 1.1 kwa milioni bilioni 10. Kwa setilaiti za GPS athari ni kubwa zaidi. Ukijumlisha ya kimo na ya mwendo, saa zake zingetangulia kwa mikrosekunde 38 kila siku kama zisingerekebishwa kabla ya kurushwa.

Kwa kwatsi, safari hiyo haitakupa kitu. Fuwele huhisi uzito wake yenyewe, na kuigeuza osileta ya tanuri juu chini hubadilisha masafa yake kwa kiasi cha sehemu moja au zaidi kwa bilioni, ambayo ni kubwa maelfu ya mara kuliko athari ya kilomita moja ya mlima. Lakini hilo nalo ni jaribio zuri, tena halihitaji safari. Weka osileta yako kwenye kipimo cha muda nilichokieleza hapo juu, iache kwa muda wa saa moja ikiwa imesimama wima, igeuze kwa upole bila kuizima, kisha iache kwa muda wa saa nyingine. Kama mkono wako umetulia na chumba hakina upepo, utauona mstari wa grafu ukivunjika pembe mahali pale pale ulipoigeuza, na ukiirudisha, mwinamo wa awali nao utarudi.