Maswali na majibu: Watu ni wengi, wa kuongea naye hayupo

Barua za wiki hii zote zinahusu upweke. Nimechagua nne.

Shikamoo dada. Nilihama Singida kuja Arusha, nauza vifaa vya simu karibu na stendi. Kutwa nasalimiana na watu, jioni nafunga, narudi chumbani, nalala. Tatizo ni mimi? – Kijana wa Sakina

Marahaba, mdogo wangu. Hapana. Wateja wanajua bei ya chaja zako, ila hakuna anayejua kama leo umekula. Hapo ndipo upweke unapoingia, hata mtu akiwa katikati ya stendi. Na urafiki unakula muda. Jeffrey Hall, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alionyesha mwaka 2018 kwamba watu wanaojuana tu huhitaji takriban saa 50 za kuwa pamoja ili wawe marafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 ili washibane. Dukani huzipati, mteja anakaa dakika mbili. Tafuta mahali penye sura zilezile kila wiki: kwaya, timu ya mtaani, kijiwe cha kahawa. Kisha chukua jukumu. Anayetunza jezi asipoonekana, simu yake inaita. Anayekuja kutazama tu hakuna anayemtafuta.

Mama yetu yuko Marangu, ana miaka 74. Baba alishafariki, sisi tuko Dar na Mwanza. Hela tunatuma kila mwezi, tumemwekea na binti wa kazi, lakini siku hizi hali chakula vizuri na haongei. Tumhamishie Dar? – Mtoto wa kwanza

Msiharakishe. Kihambani, kwenye shamba la ukoo, ndipo alipomzika mumewe, na kila mgomba anaujua. Dar atakaa ndani ya geti akiwasubiri mtoke kwenye foleni saa tatu usiku. Huo ni upweke vilevile, tena kwenye joto.

Nyumba hizi za Marangu nazijua. Desemba uwanja umejaa magari, mbuzi anachinjwa, wajukuu wanalala mpaka sebuleni. Januari ikianza, mama anaosha masufuria makubwa, anayafunika, anayarudisha stoo. Kuanzia hapo simu zenu zinakuwa, "Mama, hela imefika? Dawa umemeza?" Anajibu ndiyo, ndiyo, mnakata. Hakuna alichoulizwa ambacho yeye ndiye anakijua. Mwulizeni mpaka wa shamba unapita wapi, masale yale ya juu alipanda nani, kahawa ya mwaka huu imechanuaje, mtori wa mzazi unapikwaje. Kukiwa na ugomvi kwenye ukoo, mpelekeeni auamue. Mwanamke aliyelea watu wote hao akiwekwa kitini aletewe chai, anaona kazi yake imekwisha. Binti amsaidie, lakini asimpokonye mwiko.

Mpelekeni pia apimwe masikio. Mzee asiyesikia vizuri hujitenga, maana anachoka kuuliza "umesemaje?" Ombeni jumuiya wasali kwake mara kwa mara. Nanyi pangianeni zamu za kwenda, badala ya wote kujazana Krismasi. Na kwa kuwa tayari hali chakula vizuri, aonwe na daktari mapema: sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa wazee mara nyingi huja kwa ukimya na kukosa hamu ya chakula, na inatibika.

Mume wangu anasema upweke ni mambo ya wazungu. Kweli? – Msomaji wa Njiro

Si kweli. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka. Katika nchi za kipato cha chini waliosema ni wapweke ni karibu asilimia 24, na kwenye nchi tajiri ni kama asilimia 11. Tumezoea kuamini undugu wetu unatukinga, kwa hiyo mwenye upweke huku anauficha kama aibu. Ila barua yako haisemi mpweke ni nani hapo nyumbani. Kama ni wewe, mwambie mumeo hivyo, kwa maneno hayo.

Nimestaafu ualimu, nguvu bado ninazo. Naona wajane na vijana mtaani wanateseka kimya. Naweza kusaidia bila kusomea saikolojia? – Mwalimu, Pasua, Moshi

Shikamoo mwalimu. Unaweza. Zimbabwe mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa Mbare, Harare. Walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa na wasaidizi hao walikuwa na dalili chache za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Lakini walifundishwa, na kliniki ilikuwa nyuma yao. Kwa hiyo anza kwa kuongea na zahanati yenu na afisa ustawi wa jamii, wajue unafanya nini. Mtu akikutajia kutaka kufa, usikubali iwe siri yenu wawili. Usimwache peke yake, mfikishe hospitali siku hiyohiyo. Kwa wengine, chagua mmoja tu kwanza, siku moja ya wiki, saa ileile. Na ukipata dharura, mpigie kabla ya saa hiyo kufika, asikae akikungoja.