Anti nina ofa mbili, China na Oman, niende wapi?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni kijana wa miaka 29, nafundisha Kiingereza chuo kimoja huku Tanga, huu mwaka wa tatu, nina digrii ya ualimu na masta ya isimu. Nje ya nchi sijawahi kutoka, hata Nairobi naisikiaga tu. Sasa mwezi uliopita nimepata ofa mbili kwa mpigo. Ya kwanza chuo kikuu cha mkoani huko China, yuani 9,000 kwa mwezi, fleti ya bure ndani ya chuo, vipindi 16 kwa wiki, hela ya tiketi wanarudisha mwisho wa mwaka. Wakala anasema niingie kwanza na visa ya biashara maana ndio inatoka fasta, alafu chuo kitanibadilishia nikishafika. Ya pili ni Oman, chuo cha serikali mji wa Ibri, kufundisha wanafunzi wa mwaka wa maandalizi, ila mkataba sio wa chuo, ni wa kampuni inayowapelekea walimu. Rial 850, masaa 20 kwa wiki, nyumba natafuta mwenyewe. Mama anataka Oman kwa sababu ya dini, mchumba anataka China kwa sababu ya fleti. Mimi nimebaki katikati. Nisaidie. — Mwalimu wa Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera, ofa mbili kwa mpigo sio mchezo. Naona umenipangia mishahara vizuri kabisa, ila kitu nilichokiona mimi kabla ya mshahara ni hilo neno "kitanibadilishia nikishafika". Hapo ndipo nilipoweka chai chini.

Kazi ya China ina mpangilio wake na haurukwi. Chuo kinakuombea kibali cha kazi kule kule, wanakutumia taarifa ya kibali, unaenda nayo ubalozini, unagongewa visa ya Z, unaingia, na ndani ya siku 30 unaomba kibali cha kuishi. Visa ya biashara ni M, hiyo ni ya watu wa kontena na maonyesho ya bidhaa, ukishikwa unafundisha nayo faini ni kuanzia yuani 5,000 mpaka 20,000 na kesi ikiwa nzito unalala ndani siku 5 mpaka 15 ndio unafungashwa kurudi. Mshahara wako wa mwezi ni 9,000. Piga hesabu mwenyewe.

Na wakala hajasahau huo mpangilio, anaukwepa, na sababu nakwambia ila usinikasirikie. Kanuni zao za vibali zinataka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya kwanza na awe na digrii ya nchi inayozungumza lugha hiyo. Kwa Kiingereza wanachoangalia ni paspoti ya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, Nyuzilandi, Ayalandi na Afrika Kusini. Wewe na masta yako na Kiingereza chako safi, paspoti yako ya Tanzania inakusubirisha mlangoni, alafu anaingia kijana wa digrii ya mambo ya hoteli kwa sababu kazaliwa Ohio. Inauma, najua. Wenye paspoti kama yetu wanaopita wapo lakini ni wachache, na akipita mtu kwa halali basi chuo chenyewe kimemwombea na karatasi inaonekana. Kwahiyo mwandikie wakala sentensi moja tu, nitumie taarifa ya kibali cha kazi yenye jina langu. Ikija niandikie tena tuanze upya, na fleti ya mchumba tutaijadili. Akianza kukutumia sauti za WhatsApp za dakika nne nne za kukutoa wasiwasi, achana nae.

(Hapa nicheke kidogo. Kwa kanuni hiyo hiyo, lugha ambayo China wewe ni mwenyewe kabisa ni Kiswahili, na Beijing kuna vyuo vinafundisha Kiswahili tangu miaka ya 60. Nafasi zake ni za kuhesabu kwa vidole ila andika barua, barua haina nauli.)

Haya, Oman. Mimi nilienda kwa mlango huo huo wa kampuni, mji mwingine wa bara sio Ibri, nikiwa na miaka 31 na begi moja lenye madera sita na mchele kilo mbili kama naenda jangwani, kumbe mchele umejaa huko mpaka unajiuliza. Jina la kampuni silitaji, ila yaliyonikuta nakupa yote maana ndio hayo hayo unayoogopa.

La kwanza ni hayo masaa 20. Mimi nilisoma nikaona jamani raha, masaa 20 kwa wiki si nusu ya kazi ya huku. Kumbe 20 ni ya kusimama darasani tu, na ofisini unakaa saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni uwe na kipindi usiwe nacho. Mwaka wa maandalizi maana yake ni vijana waliotoka sekondari ambao hawaanzi diploma wala digrii mpaka wavuke Kiingereza, hesabu na kompyuta, kwahiyo ni mitihani juu ya mitihani, na insha. Nilikuwa na makundi matatu, kila kundi watoto 25 hivi, kila mmoja anaandika insha, unasahihisha, anaandika upya, unasahihisha tena. Nilikuwa nasahihisha mpaka kwenye foleni ya benki. Sasa wewe uliza kwa imeli, sio kwa simu: masaa ya darasani mangapi, ya ofisini mangapi, kundi moja lina wanafunzi wangapi, na je naruhusiwa kutoka nikimaliza vipindi. Mkubwa wa idara akijibu mwenyewe ni dalili nzuri, akijibu afisa wa kampuni jua hajui.

La pili, na hili ndio ningetaka ulikate uliweke kwenye waleti, ni hiyo 850 imegawanywaje. Rial moja ni kama dola 2.6, imefungwa hapo tangu 1986, kwahiyo una kama dola 2,210 na ile yuani 9,000 ni kama 1,250, ndio maana macho yamekutoka. Ila 850 ni jumla. Ndani yake kuna mshahara wa msingi, posho ya nyumba, posho ya usafiri, na wakati mwingine posho ya vitu ambavyo hata jina havina. Sheria ya kazi ya Oman ya 2023 inasema mfanyakazi mgeni akimaliza analipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka aliofanya. Wa msingi, sio jumla! Mkataba unaosema msingi 350 na posho 500, na mwingine unaosema msingi 600 na posho 250, zote ni 850 mfukoni kila mwezi, ila baada ya miaka miwili mmoja anakuacha na rial 700 na mwingine 1,200. Tofauti hiyo ni kama dola 1,300, ni kiwanja kidogo huko kwenu Pongwe. Mimi wangu ulikuwa wa aina ya kwanza na niliusaini nikiwa nimesimama, kwenye kibaraza cha kuchapishia, kalamu ya kuazima. Waombe wakupandishie msingi kabla hujasaini. Wanaweza kukataa, ila hawatakufuta kwa kuuliza.

Uliza pia likizo ya kiangazi inalipwa au mkataba unasimama, maana wapo wanaolipa miezi kumi wanakwambia ni mkataba wa mwaka. Bima ya matibabu na tiketi ya kurudi ziwemo kwenye maandishi. Na paspoti yako ukae nayo wewe, sheria yao hairuhusu mwajiri kuishika mpaka ukubali kwa maandishi, kwahiyo ukiletewa karatasi siku ya kwanza usisaini huku unatafuna tende, soma.

La tatu, hela ya kuanzia. Akaunti ya benki haifunguki mpaka upate bataka, yaani kitambulisho cha mkaazi, na bataka haitoki siku unayoshuka. Wakati huo mwenye nyumba anataka kodi ya mbele na ikibidi hundi, wewe hundi unatoa wapi. Mimi nililala wiki tatu kwa mwalimu mwenzangu wa Sudan na mkewe, Mungu awalipe, chakula chao mpaka leo nakikumbuka. Usiondoke Tanga bila hela ya kula na kulala miezi miwili, na iulize kampuni kama inakupa hoteli wiki za mwanzo. Alafu Ibri ni kama kilomita 300 toka Muscat na bila gari utaozea ndani, kwahiyo leseni ya udereva anza nayo sasa hivi hapo Tanga, usisubiri.

Vyeti navyo anza sasa. Digrii na masta zinapita Wizara ya Mambo ya Nje alafu ubalozi wa Oman pale Dar, na cheti cha polisi cha tabia njema nacho hivyo hivyo. Usimpe wakala vyeti halisi akuzungushie, nenda mwenyewe hata kama ni kulala gesti siku mbili.

Sasa utaniuliza, Anti mbona umeisema kampuni vibaya alafu naona unanipeleka huko huko. Ndio, nakupeleka. Mpaka mwaka 2020 ukitaka kuhama kwa mwajiri mmoja Oman ulihitaji barua yake ya kukuruhusu, na asipokupa unaondoka nchini unakaa nje miaka miwili. Toka Januari 2021 ukimaliza mkataba wako unahamia kwa mwajiri mwingine bila hiyo barua. Kwahiyo kampuni kwako ni daraja tu, fanya miaka miwili, watu wakujue kwamba unafundisha, alafu uombe chuo moja kwa moja ukiwa kule kule na uzoefu wa Ghuba kwenye sivii. Mimi ndivyo nilivyofanya ila kipindi changu barua ilikuwepo, na nilivyoipata ni hadithi ya siku nyingine.

Kuhusu dini ya mama, misikiti ipo hata Guangzhou, asiwe na wasiwasi. Ila kuna kitu Oman utakipata ambacho kule hutakipata. Wiki yangu ya pili nipo dukani nabishana kwenye simu na mdogo wangu kuhusu ada, nageuka bibi mmoja wa Kiomani na barakoa yake ananiangalia, ananiambia "mwanangu mbona wamfokea mwenzio hivyo, wewe wa Unguja au wa Mrima?" Kiswahili kitamu kunizidi mimi. Ni wale waliorudi toka Zanzibar. Kwahiyo kuwa makini, ukimsema mtu kwa Kiswahili kwenye korido angalia nyuma kwanza, na darasani mwanafunzi mwenye bibi wa Malindi atajaribu kukuombea maksi kwa lugha yako. Jifanye hujasikia.

SWALI: Anti mambo. Niko Mombasa, nina digrii ya Kiingereza na fasihi, nimefunza miaka minne shule ya upili. Kuna kazi za vyuo Saudia nataka kuomba, lakini wote wanaitisha cheti cha CELTA (kile cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza) ama kinacholingana. Rafiki yangu amepata cheti cha masaa 120 kwa mtandao kwa dola 20, wikendi moja tu. Si ni masaa 120 vile vile? — Binti wa Kisauni

JIBU: Poa mwanangu. Masaa ni yale yale, ila kwenye CELTA ndani yake kuna masaa sita umesimama mbele ya wanafunzi wa kweli na mkufunzi amekaa nyuma anaandika makosa yako. Hicho ndicho wanachonunua vyuo. Cha dola 20 kinathibitisha kwamba rafiki yako ana intaneti. CELTA ni ghali kweli, inapita dola elfu moja, ila siku hizi inafanyika yote onlaini kwahiyo nauli na malazi umeokoa. Kama una mpango wa masta ya ufundishaji Kiingereza miaka hii miwili ijayo basi weka hela kwenye masta, matangazo mengi ya Ghuba yanakubali kimoja kati ya hivyo viwili. Na mkataba wa Saudia ukija usiuchukulie kama wa Oman, kiinua mgongo chao ni nusu mshahara kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, mwezi mzima unaanza baada ya hapo.

SWALI: Nimeambiwa nikifundisha Kiswahili chuo kikuu Marekani kupitia FLTA ya Fulbright (ule mpango wa serikali ya Marekani wa walimu wasaidizi wa lugha) nitapata kazi ya kudumu huko huko. Kweli? — Wa Zanzibar

JIBU: Hapana. Ni mwaka mmoja wa masomo, kama miezi tisa, unasaidia kufundisha huku na wewe unasoma kozi zao, na visa yake ya J-1 inakutaka urudi nyumbani ukae miaka miwili kabla ya kuomba visa ya kazi au ukaazi. Omba, ni nafasi nzuri, ila nyumba ya Mwanakwerekwe usiiuze.