Vizite ya kuanza kazi mgodini na bangi ya mwisho wa juma

Leki wa Katuba anauliza: ameitwa vizite, yaani kupimwa afya na mkojo, ya kuanza kazi ya shofere mgodini, alivuta bangi Jumamosi, je, ndimu na maziwa vitamsafisha?

Leki, ndimu itakuchoma tumbo tu. Niko maabara ya zahanati hapa Lubumbashi, mikojo ya wachimbaji na mashofere inapita mikononi mwangu. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ya jana inaweza kuwa imeisha mwilini leo, bangi sivyo. THC, kile kinacholevya ndani ya bangi, inajificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo. Aliyeonja mara moja huwa safi baada ya siku 3 au 4. Wa kila siku anaweza kubeba mwezi mzima, pengine zaidi.

Kunywa madumu ya maji? Mkojo ukiwa mweupe mno tunapima kreatinini, taka ya mwili ambayo mkojo wa kawaida huwa nayo; ikiwa chini sana unarudishwa kesho. Wa kuazima nao tunaushika: kikombe kina kipimajoto, na mkojo uliotoka sasa hivi huwa kati ya nyuzi 32 na 38.

Halafu kuna hili la mistari ya kipimo cha haraka cha mkojo, linanichekesha kila wiki. Watu wamezoea kipimo cha malaria, wakiona mistari miwili wanaanza kulia. Hapa ni kinyume! Miwili, hata wa pili ukiwa hafifu, ni salama. Mmoja tu pale kwenye C, mstari unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, hapo kuna maneno.

Maneno, si hukumu. Kipimo cha haraka hukosea. Efavirenz, dawa ya Ukimwi, imewahi kuonyesha bangi kwa mtu asiyevuta kabisa. Siku hizi wengi wamehamishiwa dolutegravir, lakini kama bado unameza efavirenz, mwambie daktari faraghani, si msimamizi wako, na uombe kipimo cha kuhakikisha cha maabara kubwa. Ni haki kuomba.

Ila nami nina upande wangu. Kamyo la shimoni linabeba tani nyingi, na bangi inapunguza wepesi wa kukanyaga breki hata pale unapojiona uko sawa. Wanaoanza kuvuta wakiwa na miaka 14 au 15 ndio wanaonitia hofu zaidi, maana wapo wanaoishia kusikia sauti zisizokuwepo.

Ukiacha leo, wiki ya kwanza usingizi utakusumbua na utakuwa na hasira za ovyo. Hupita. Kama vizite haijapangiwa tarehe, omba iwe mwezi ujao.