Kuhamia Guangzhou na watoto: anza na viza ya mumeo, kisha shule, nyumba mwisho

Dada, umeuliza mumeo yuko Guangzhou kwenye mambo ya mizigo na anataka mhamie huko wewe na watoto, mmoja wa chekechea na mwingine wa darasa la pili. Unataka kujua mtaishije, watasoma wapi, na kama kuna nafasi ya kuizunguka China au ni kukaa ndani tu. Waliokujibu hapo juu wengi ni kaka zetu wanaokuja kufunga kontena na kugeuza. Wanajua bei za hoteli za Xiaobei, ule mtaa wa Waafrika, na pa kupata pilau, ila kulea mtoto huku hawajawahi. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Guangzhou na mume na watoto, kwa hiyo nakujibu kama mama mwenzako. Vumilia, ni ndefu.

Kabla hujaanza kuuza makochi, muulize mumeo ana viza gani. Kama anaingia na kutoka kwa ile M ya biashara, hamna pa kushika, maana yeye mwenyewe ni mpita njia. Familia inamfuata mtu mwenye kibali cha ukaazi, cha kazi au cha masomo. Akiwa nacho, nyinyi mnaomba S1, yaani viza ya familia inayomfuata mtu huyo, na mkishafika mna siku 30 za kwenda uhamiaji wa polisi kuombea vibali vyenu. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vipitishwe Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa China hapo Dar mapema. Na kama ndoa ni ya Kiislamu, hakikisha imesajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, si karatasi ya shehe pekee. Kuna familia tunaifahamu ilifika na vyeti visivyohakikiwa, ikabaki kubembeleza ndugu Dar wapange foleni kwa niaba yao huku siku zinakatika. Ukizidisha muda ni yuan 500 kwa siku, hadi ifike 10,000.

Kibali hicho cha kumfuata mume hakikuruhusu kufanya kazi. Utaambiwa njoo ufundishe watoto Kiingereza jioni, utalipwa kwa WeChat (programu ya simu ya huku ya ujumbe na malipo), hakuna atakayejua. Kataa. Na kila mnapohamia nyumba mpya, ndani ya saa 24 mjiandikishe polisi wa mtaa. Hotelini wanakuandikisha wao, nyumbani ni juu yako. Faini yake inafika yuan 2,000. Ndiyo maana dalali akikuonyesha nyumba nzuri, swali la kwanza si kodi, ni kama mwenye nyumba yuko tayari kutoa karatasi zake kwa ajili ya polisi. Wapo wanaopenda hela ya mgeni lakini hawataki jina lake lionekane popote.

Sasa nyumba, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Mumeo atataka mkae Xiaobei au Sanyuanli, karibu na soko na karibu na wenzetu. Usikubali. Yeye ataondoka asubuhi kwenda kuhangaika na wateja na maghala, arudi usiku watoto wamelala. Atakayeishi hapo ni wewe. Xiaobei ni raha ya Jumamosi: unasuka nywele, unanunua unga mweupe wa mahindi na muhogo wa kugandishwa, unakutana na Wakongo, Wamali, Wanigeria, unasikia Kiswahili dirishani, unarudi kwako. Metro inaanzia yuan 2 tu. Lakini mtoto hapo hana pa kukimbilia, na lugha ya nchi hataipata.

Tafuta shule kwanza, kisha nyumba karibu na shule, kwenye ile mitaa ya maghorofa iliyozungushiwa ukuta, yenye mlinzi getini na bustani katikati. Saa kumi na moja jioni bibi na babu wote wa Kichina wanashuka na wajukuu. Hapo ndipo watoto wangu walipopata Kichina, kwenye bembea, kabla mwalimu hajafanya lolote. Na mimi hapo ndipo nilipompata bibi mmoja wa ghorofa ya chini aliyenifundisha sokoni nisiuziwe samaki aliyekufa asubuhi. Mwanzo atakukaripia kwamba mtoto hajavaa soksi, kwamba unampa maji baridi. Mwache. Ukishakaripiwa vya kutosha umeshakuwa mtu wa mtaa.

Shule zenyewe: zile za kimataifa ada yake inavuka yuan laki moja kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na huyo mumeo si mtu wa ubalozi wala kampuni ya mafuta, kwa hiyo tuziache. Zinabaki za serikali, ambazo kupata nafasi kunategemea wilaya na karatasi zenu, na za binafsi za Kichina. Wetu wamepita chekechea ya binafsi. Wa kwako wa chekechea usimhofie hata kidogo, baada ya muhula mmoja atakuwa anakutafsiria. Wa darasa la pili ndiye mwenye kazi. Shule itataka aanze upya la kwanza, kwa sababu wenzake wameshajifunza kusoma Kichina kwa herufi za Kirumi na wameshaanza kuandika zile alama. Kubali arudi darasa. Kuna wazazi wanaona aibu, wanalazimisha mtoto akae na rika lake, halafu anakaa kimya mwaka mzima nyuma ya darasa.

Jiandae na mambo mawili. La kwanza ni kundi la WeChat la wazazi. Mwalimu anatuma kazi za nyumbani humo, matangazo humo, picha za watoto wakilala mchana humo (ndiyo, baada ya chakula wanalala, kila mtoto na godoro lake dogo na shuka lenye jina). Usipotafsiri ujumbe jioni hiyohiyo, asubuhi mtoto wako ndiye pekee ambaye hakuleta jani kavu la somo la sanaa. La pili, kama nyinyi ni Waislamu kama sisi, ni nguruwe. Hayuko kwenye nyama tu, yumo kwenye mafuta ya keki, kwenye supu, kwenye vitumbua vya asubuhi. Nilipomweleza mwalimu, akanijibu kwa upole kwamba atamwondolea mtoto vipande vya nyama kwenye sahani. Alikuwa na nia njema kabisa. Nikaanza kupeleka chakula kwenye chupa ya kutunza joto, na hadi leo hakuna aliyelalamika.

Chakula cha nyumbani kisikupe presha. Guangzhou ni joto na mvua, na wenyeji wanapenda majani kuliko sisi. Nenda soko la mtaani, si supamaketi. Utakuta mchicha, wa kijani na ule mwekundu unaotia wali rangi ya waridi. Utakuta matembele yamefungwa mafungu, bamia, tangawizi ya kila aina, nazi. Matembele wao wanayakaanga haraka kwa vitunguu saumu vingi. Mimi nayapika kwa nazi, na yule bibi wa chini siku hizi anakuja na bakuli lake. Nje mkila, tafuta migahawa ya tambi za nyama ya ng'ombe ya Waislamu kutoka Gansu na Qinghai. Ziko karibu kila mtaa, bei ya chini, na mpishi anavuta tambi kwa mikono mbele yenu, jambo ambalo peke yake litamnyamazisha mtoto mwenye njaa. Ijumaa nenda msikiti ulio karibu na bustani ya Yuexiu, penye kaburi ambalo mapokeo yanasema ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Utaona dunia nzima imejipanga safu pale chini ya miti.

Ambacho hakuna aliyenieleza kabla ya kuja ni unyevunyevu wa Machi na Aprili. Baada ya baridi, upepo wa joto unatoka kusini baharini, unakuta kuta na sakafu bado zimepoa, na nyumba nzima inatoka jasho kama mtungi. Si mfano wa kuongezea chumvi: vigae vya sakafu vinateleza, kioo cha bafuni hakionyeshi kitu, viatu vya ngozi vinaota ukungu wa kijani kabatini, nguo ulizoanika juzi bado mbichi. Mgeni anafungua madirisha ili nyumba ikauke, kumbe ndiyo anauita huo unyevu ndani. Funga, hasa ya upande wa kusini, na nunua mashine ya kukausha hewa. Usiku mmoja tu inajaza ndoo. Mtoto mwenye pumu afikiriwe kabla ya kuchagua nyumba ya ghorofa ya chini.

Hospitali kwa kifupi: hospitali kubwa za serikali ni nzuri, ila kila hatua unalipa kwanza ndipo unahudumiwa, kujiandikisha, kipimo, dawa, na unapanda lifti na kushuka na karatasi. Mara za mwanzo nenda na mtu anayejua Kichina. Simu: WhatsApp, YouTube na Google havifunguki bila VPN, ile programu ya kupita kizuizi cha mtandao, na iwekwe ukiwa bado Dar. Mama yangu tulimwekea WeChat kwenye simu yake huko Tanga, sasa anawaona wajukuu kila jioni bila kusumbuka.

Kupigwa picha kutakuwepo. Watu watawashika watoto nywele kwenye metro bila kuuliza, hasa mkiwa nje ya Guangzhou. Wengi ni ushamba, si ubaya, lakini mtoto ana haki ya kuchoka. Binti yangu alijifunza kusema kwa Kichina safi "usinishike, mimi si mwanasesere", na behewa zima likacheka, na mkono ukarudi. Mfundishe wako mapema.

Kutembea ndiko kunakonifanya nisijute. Treni za mwendokasi zimefanya nchi hii kuwa ndogo: Guangzhou hadi Beijing ni kilomita 2,298 na mnafika kwa saa nane hivi. Tiketi zinafunguliwa siku 15 kabla. Tangu Januari 2023 tiketi ya mtoto inahesabiwa kwa umri, si urefu tena: chini ya miaka 6 anapanda bure bila kiti, mmoja kwa kila mtu mzima, na kuanzia 6 hadi kabla ya 14 ni nusu. Tiketi imeunganishwa na pasi, kwa hiyo hakuna karatasi, ila beba pasi halisi za wote. Geti la mashine likiwagomea, nendeni lile la pembeni lenye mhudumu. Guangzhou South ni kituo kikubwa kuliko viwanja vya ndege vyetu, fika saa nzima kabla. Ndani ya treni maji ya moto ni bure, beba chupa na tambi za kikombe zenye alama ya halali. Beba na karatasi za chooni, hazipo unapozihitaji.

Usisafiri wiki ya tarehe 1 Oktoba wala Mwaka Mpya wa Kichina. Nchi nzima iko barabarani. Mwaka Mpya baki Guangzhou, nenda masoko ya maua ya usiku, halafu furahia mji uliobaki mtupu.

Safari ya kuanzia na watoto wadogo ni Yangshuo, saa mbili na kitu kwa treni. Kituo chenyewe kiko Xingping, pale mto Li unapopita kwenye vilima vilivyochorwa nyuma ya noti ya yuan 20. Wape watoto noti hiyo mkononi waitafute picha yake wenyewe, asubuhi nzima itaisha. Zile rafu za "mianzi" nyingi ni mabomba ya plastiki na injini, lakini wao hawajali. Nyumba ndogo za wageni ziulizeni kabla ya kulipa kama zinapokea pasi za kigeni. Moja ilitukatalia usiku, mvua inanyesha, kwa sababu mpokeaji hakujua kutuandikisha kwenye mfumo.

Wakikua kidogo, wapeleke Quanzhou, Fujian. Ndiyo bandari ya Zaytun ya msafiri Ibn Battuta, yuleyule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Msikiti wa Qingjing ulianza kujengwa mwaka 1009, wa mawe, ukumbi wa zamani hauna paa, unasimama ndani macho yakiona mbingu. Kwenye makumbusho ya bahari wameweka mawe ya makaburi yaliyochongwa Kiarabu, ya wafanyabiashara waliofia huko. Binti yangu aliyesoma madrasa ya Jumapili alisimama mbele ya jiwe moja akaanza kusoma kwa sauti, Bismillahi, herufi kwa herufi, na familia ya Kichina iliyokuwa nyuma yetu ikatoa simu. Safari hii si kupiga picha nywele zake. Walitaka awasomee la pili. Nje ya mji kuna makaburi ya Lingshan, na jiwe linalosema Zheng He, yule amiri wa meli za China, alifika hapo mwaka 1417 kabla ya kwenda magharibi, safari ile iliyofika hadi pwani yetu.

Hong Kong iko karibu na watoto wataililia, ila kuvuka huko ni kutoka China bara. Kama viza bado ni ya kuingia mara moja na vibali vya ukaazi havijatoka, msivuke, hamtarudi.

Kwenye mabegi usilete nyama wala maembe, forodha watachukua. Leta vitabu vya Kiswahili vya watoto, mafuta ya nywele unayoyaamini, na vitenge vya zawadi kwa mabibi wa mtaani. Ukishajua aina ya viza ya mumeo na wilaya anayofanyia kazi, andika hapa chini tuongee shule. Kama atakwambia ni Yiwu, ule mji mwingine wa biashara, na si Guangzhou, sema pia, kuna dada humu anaishi kule na watoto watatu, nitamwita aje kujibu.