Tajiri ana hela, mbona klabu ikakatwa pointi?

Ndugu yangu, unauliza kwa nini Everton walikatwa pointi ilhali mmiliki alikuwa tayari kutoa fedha zake. Kanuni ya Ligi Kuu ya Uingereza iliyowabana haikuuliza tajiri ana kiasi gani, iliangalia hasara. Kwa misimu 3 hasara haikutakiwa kuzidi pauni milioni 105, na kati ya hizo milioni 90 ilibidi mmiliki azifidie kwa mtaji wake. Zaidi ya hapo, hata awe na kisima cha mafuta, hesabu imeshagoma. Novemba 2023 wakakatwa pointi 10, rufaa ikazishusha hadi 6.

Utamu uko kwenye usajili. Mchezaji wa milioni 50 mwenye mkataba wa miaka 5 huandikwa gharama ya milioni 10 kila mwaka. Lakini ukimuuza kinda uliyemlea mwenyewe, karibu bei yote inaingia kama faida papo hapo. Ndiyo maana ifikapo Juni, vitabu vikikaribia kufungwa, vijana wa nyumbani ndio wanapigwa bei. Hilo mimi linaniudhi.

Hata hivyo nisingefuta udhibiti. Bury, klabu ya daraja la tatu Uingereza, walifukuzwa ligini Agosti 2019, mmiliki aliposhindwa kuthibitisha kwamba fedha zipo.

Kwa klabu yako, anza na taarifa ya fedha ya mwaka: gawanya mishahara kwa mapato. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, wameweka ukomo wa asilimia 70, wakijumlisha gharama za usajili na mawakala. Mishahara peke yake ikigusa 90, uliza nani atailipa tajiri akiondoka.