Usiishie mstari wa nne unapofundisha Pentekoste

Mwalimu mmoja wa Shule ya Jumapili ameniandikia akiomba msaada. Amepewa saa moja afundishe Pentekoste, na kila mwaka somo lake huishia kwenye upepo na ndimi za moto. Ndugu yangu, hauko peke yako. Mimbari nyingi husoma Matendo 2:1-4, watu wakashangilia, Biblia ikafungwa. Sura hiyo ina mistari 47.

Anza na kalenda. Dakika 10 zinatosha. Pentekoste ni neno la Kigiriki lenye maana ya “ya hamsini”. Kabla ya kuwa sikukuu ya kanisa, ilikuwa Sikukuu ya Majuma ya Wayahudi. Walawi 23 inaagiza kuhesabu majuma saba kamili tangu mganda wa malimbuko unapotikiswa mbele za Bwana, na siku ya 50 kuleta mikate miwili iliyotiwa chachu. Waachie wanafunzi wahesabu wenyewe. Wengi hukosea kwa kuanza na Jumatatu, nao huangukia Jumatatu. Jumapili ya Pasaka ndiyo siku ya kwanza: Pasaka ya 2026 ni Aprili 5, kwa hiyo Pentekoste ni Mei 24.

Kalenda hiyo ndiyo inayoeleza ule umati wa Matendo 2. Kumbukumbu la Torati 16:16 iliwataka wanaume wafike mahali pa ibada mara tatu kwa mwaka, na Majuma ilikuwa mojawapo. Ndiyo maana Waparthi, Wamisri, Wakrete na Waarabu walikutana Yerusalemu. Ila usiseme kwamba mataifa yaliokoka siku ile. Wale walikuwa Wayahudi na waongofu wa dini yao. Kornelio, Mrumi asiye Myahudi, anaingia sura ya 10. Ukimwingiza mapema, wanafunzi hawataelewa kwa nini Petro alilaumiwa katika sura ya 11 kwa kuingia kwa watu kama yeye.

Kwenye ndimi, tumia dakika 15. Onyesha kwamba kila msikilizaji alisikia lugha aliyozaliwa nayo. Hakuna aliyetakiwa kuiacha lugha ya mama yake ndipo amsikie Mungu, na jambo hili wanafunzi wetu wanahitaji kulisikia polepole. Petro anapowajibu waliodhihaki kwamba mitume hawakulewa kwa kuwa ni saa tatu, Mswahili hana cha kubadili: ni saa tatu hii hii yetu ya asubuhi.

Kuna mfano unaopendwa sana: watu 3,000 walikufa Sinai siku ya Pentekoste, na 3,000 wakaokoka Yerusalemu. Hesabu za watu ni sahihi, siku siyo. Vifo vya Kutoka 32 vilitokea baada ya Musa kukaa mlimani siku 40, kwa hiyo haviwezi kuangukia siku ile Torati ilipotolewa, ambayo mapokeo ya Kiyahudi huihusisha na Pentekoste. Linganisha hesabu ukipenda, tarehe iache.

Dakika 20 zipe hotuba ya Petro. Ina mistari 23, kuanzia wa 14 hadi wa 36, na 15 ya mwisho inamhusu Yesu: alivyosulubiwa, alivyofufuka, alivyoketishwa mkono wa kuume wa Mungu. Yoeli anaeleza kilichoonekana, Zaburi ya 16 inaleta ufufuo, Zaburi ya 110 kiti cha enzi. Inaniuma kusikia Pentekoste ikihubiriwa saa nzima bila kaburi tupu kutajwa. Roho aliposhuka, mahubiri ya kwanza yalimtangaza Kristo. Je, yetu yanamtangaza nani?

Zilizobaki, 15, ni za mstari wa 37 hadi mwisho. Toba na ubatizo kwanza, kisha mambo manne ya mstari wa 42: fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate, kusali. Tukiomba moto huku tumekwepa fundisho na ushirika, tumeomba kitu ambacho Matendo 2 haikijui. Waliuza mali na kugawiana kadiri ya haja ya kila mtu. Lisome hilo bila kulipunguza makali, hata kama mzee wa kanisa amekaa mstari wa mbele.

Kazi ya nyumbani iwe Matendo 6:1-7. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliosema Kigiriki, walisahauliwa katika mgao wa kila siku, manung'uniko yakaanza, wakachaguliwa watu saba. Waambie wanafunzi waandike majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Kisha waulize ni majina ya lugha gani. Yote saba ni ya Kigiriki, lugha ya upande uliokuwa umelalamika.